Nilivyoishusha Hilux ya Mzee

Wale mnaonifahamu mtaani mnajua kwamba kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitembea na pikapu ambayo ukiiona kwa mbali unadhani imezama kwenye lami. Na wale mliokuwa mkinitania ("bwana, gari yako imepiga magoti inasali?") leo mna ruhusa ya kucheka tena, ila nisikilizeni kwanza.

Pikapu yenyewe siyo yangu. Ni Hilux ya Mzee, ya miaka ya 90, siyo ile ya kuvuta tairi zote nne, hii inavutwa na tairi za nyuma tu. Injini ni 2L, dizeli ya lita 2.4, kelele nyingi mwendo kidogo. Imebeba matofali ya nyumba yetu, imebeba mahindi, mbuzi, na siku moja imebeba jeneza la jirani. Mzee alipostaafu karakana ya reli na kutulia Morogoro akaniambia, "Ichukue wewe, huko Dar unazunguka sana na hayo mambo yenu ya habari. Ila nikiihitaji nitakuita." Ile sentensi ya pili mimi sikuisikia vizuri.

Sasa kijana ana pikapu ya bure, ana simu, ana Instagram. Mnajua kilichofuata. Nilianza kufuatilia kurasa za Wamarekani wanaoshusha pikapu ndogo za Kijapani mpaka chesisi inakaribia kugusa barabara. Ni utamaduni wa siku nyingi kule. California ilianza na magari ya kawaida, na yalishuka mpaka serikali ikachoka: sheria ya mwaka 1958 ilikataza gari lililofanyiwa marekebisho kuwa na sehemu iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa ringi. Kijana mmoja anaitwa Ron Aguirre akaipiga chenga mwaka 1959. Alifunga mfumo wa hydroliki kwenye Corvette yake, kwa vifaa vilivyotoka kwenye ndege, akawa anaishusha akitaka kuringa na kuipandisha akimwona polisi. Baadaye, miaka ya 70 na 80, vijana wasio na hela ya gari kubwa wakazigeukia pikapu ndogo za Toyota, Datsun na Mazda. Mimi nikajiona mrithi wao halali. Mrithi anayekaa Tabata.

Kushusha lenyewe ni jambo jepesi mpaka linatia aibu. Hilux hii mbele haina springi za kuzunguka kama gari nyingi mnazozijua. Ina fimbo ndefu ya chuma kila upande, mafundi wanaiita tosheni baa, inayofanya kazi ya springi kwa kujisokota. Mwisho wa fimbo kuna bolti ya kurekebisha. Ukiilegeza, pua ya gari inashuka. Basi! Spana moja, nusu saa, sentimita sita chini. Nyuma fundi aliweka vipande vya chuma kati ya ekseli na zile springi bapa, kisha akatoa ubapa mmoja. Jioni ile nilipiga picha nyingi kuliko nilizopiga kwenye mahafali yangu.

Wiki za mwanzo niliona vitu vidogo tu. Kila tuta, kishindo. Kila shimo, usukani unaruka kidogo kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Haikupita miezi mitatu, nikapiga jeki kubadilisha tairi iliyotoboka, nikakuta tairi za mbele upande wa nje bado mpya kabisa na upande wa ndani zimekwisha mpaka waya zinachungulia. Tairi mpya! Jozi nzima!

Hapa naomba mnivumilie, maana kisa chote kimekaa kwenye kipande kimoja cha chuma na lazima mkione.

Kila tairi ya mbele ya Hilux hii inashikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini. Mafundi wanaiita amu. Upande mmoja mkono umefungwa kwenye chesisi kwa bushi, kwa hiyo unapanda na kushuka kama mlango kwenye bawaba. Upande wa pili una boljointi, na katikati ya boljointi mbili, ya juu na ya chini, ndipo kilipo kile chuma kinachobeba habu ya tairi. Mkono wa juu ni mfupi kuliko wa chini. Haukufanywa hivyo kwa bahati mbaya: gari likilala kwenye kona, ufupi ule unasaidia tairi ya nje isilale pamoja nalo, iendelee kukanyaga barabara vizuri.

Sasa chukua rula mbili, moja fupi moja ndefu. Zishikize ukutani kwa ncha moja, fupi juu ndefu chini, kisha zinyanyue zote kwa pamoja. Ncha ya rula fupi inarudi ukutani haraka zaidi. Hicho ndicho kinachotokea ukishusha gari. Chesisi inashuka, tairi inabaki barabarani, mikono yote miwili inainuka, na ule mfupi unavuta kichwa cha tairi kwa ndani. Tairi inasimama matege, inakanyaga kwa ukingo wa ndani. Fimbo ya usukani nayo ina mzunguko wake, haupatani tena na wa mikono, ndiyo maana usukani unaruka kwenye mashimo. Na kile kishindo kwenye matuta? Ni mkono unaogonga mpira wake wa kuzuia, kwa sababu nafasi yote ya kupanda niliimaliza mwenyewe kwa spana.

Nilikwenda kupima alaimenti. Karatasi ikatoka inaonyesha tairi zimelala ndani nyuzi tatu na nusu hivi kila upande. Kijana wa mashine akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema, "Bro, hii siyo alaimenti, hii ni tabia."

Kiwandani waliacha nafasi ya kurekebisha. Pale mkono wa juu unapofungwa kwenye chesisi kuna vibapa vyembamba vya bati, unaongeza au unapunguza. Lakini vile ni vya kusahihisha kasoro ndogo, siyo dhambi. Kwangu viliokoa nyuzi moja tu. Zilizobaki zilihitaji kitu kingine, na fundi wangu alinipa njia tatu, akiwa amekaa juu ya tairi langu lililokufa anakunywa chai.

Ya kwanza, rudisha gari juu. Nikacheka. Ya pili, agiza nje kile chuma kinachobeba habu ambacho habu yake imewekwa juu zaidi, hivyo gari linashuka lakini mikono inabaki imelala kama ilivyotoka kiwandani. Hiyo ndiyo njia ya kiungwana, na Marekani vinauzwa kwa magari mengi. Nilipopiga hesabu ya bei, usafiri na ushuru nikaona bora ninunue Hilux nyingine. Ya tatu, refusha mkono wa juu. Ukaukate karibu na boljointi, uongeze kipande, uchomelee. Boljointi zetu zimeachana kama sentimita ishirini, kwa hiyo kila nyuzi moja ya kulala inahitaji milimita tatu na nusu hivi. Nyuzi mbili na nusu zilizobaki ni kama milimita tisa. Milimita tisa! Unene wa kidole changu kidogo ndio uliokuwa unakula tairi za watu.

Nikachagua ya tatu. Na nataka niseme ukweli kuhusu fundi wangu, maana najua tunavyopenda kuwatupia mafundi lawama. Aliifanya kazi mbele yangu. Alitoa boljointi na bushi kwanza ili moto usiziunguze. Alipiga alama kabla ya kukata ili mkono usipinde. Alichomelea kwa stiki, akageuza, akachomelea upande wa pili. Alitaka kuongeza bati juu ya kiungo, kama kiraka cha kukaza. Na alipomaliza, ule mshono ulikuwa umevimba, una mikunjo kama mgongo wa kenge. Mimi ndiye niliyesema, "Fundi, lainisha hapo, nataka kupaka rangi. Na hiyo bati acha, itaharibu muonekano." Alisita. Akaniambia, "Huu mshono ukiusaga unapunguza nyama." Nikamwambia hakuna mizigo, gari la kutembelea tu. Akachukua grenda. Nikapaka rangi nyekundu, tabaka tatu, mikono ikawa inang'aa utafikiri imetoka dukani. Kisha nikaifunga chini ya gari, mahali ambapo hakuna mtu anayeiona mpaka alale chali.

Tairi zikasimama. Gari likawa zuri na halili tairi tena. Nilijiona mhandisi.

Miezi minne baadaye Mzee akapiga simu. Alikuwa anaongeza chumba cha nyuma, mbao zipo kwa mtu upande wa pili wa mji, na wenye magari ya kukodi wanamtajia bei za ajabu. "Niletee gari Jumamosi." Sikumwambia kitu. Ningemwambiaje? Kwamba gari lake lililokuwa linabeba tani sasa likibeba watu watatu nyuma linagusa? Nikajipa moyo kwamba nitakwenda safari mbili mbili, mbao chache chache.

Nikamchukua mdogo wangu wa mwisho, yuko kidato cha tatu, alikuwa kwa shangazi Kimara anataka kurudi nyumbani. Akakaa kushoto, miguu juu ya dashibodi, anaimba. Kutoka Dar mpaka Morogoro ni kilomita 190 hivi, na mnaijua ile barabara: malori, mabasi, matuta kila penye makazi, polisi kila baada ya kona. Kibaha, Mlandizi, Chalinze. Baada ya Chalinze nikaanza kusikia mlio mdogo upande wa kushoto kila nikikanyaga breki. Tik. Siyo kila mara. Nikaongeza sauti ya redio.

Mzee alilitazama gari kabla hajaitikia shikamoo. Alilizunguka mara moja, mikono nyuma. Akaitikia, akamkumbatia binti yake, akamwambia aingie ndani akamsaidie mama. Kisha akaniuliza, "Mbele umefanya nini?" Nikamweleza, nikaanza na Ron Aguirre na California (jamani, sijui nilikuwa nafikiri nini). Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Mkono umekatwa?" Nikasema ndiyo. "Fungua."

"Baba, mbao..."

"Fungua kwanza."

Tukalinyanyua, tukaweka stendi, tukatoa tairi la kushoto, tukatoa mkono wa juu. Aliutia kwenye karai, akausugua kwa tina na brashi ya waya mpaka rangi yangu nyekundu ikaisha na chuma kikabaki kitupu. Kisha akaenda ndani, akarudi na chupa ya mafuta ya taa na vipande vya chaki. Nilidhani mzee wangu amechanganyikiwa.

Ile njia, wadau, ina zaidi ya miaka mia na ilitumika sana kwenye karakana za reli kabla ya kuja dawa za kisasa za kupulizia. Unaloweka chuma kwenye mafuta ya taa, unaacha yazame. Kama kuna ufa, hata wa unene wa unywele, mafuta yanaingia ndani yake. Unafuta chuma mpaka kikauke kabisa. Kisha unapaka chaki iliyosagwa na kukorogwa kwa spiriti, inakauka, chuma kinakuwa cheupe. Halafu unangoja. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yanaanza kutoka, chaki inayanyonya, na ufa unajichora wenyewe.

Tulikaa kwenye benchi. Hakusema neno. Mama alileta chai, akatutazama, akarudi. Mimi nilikuwa naangalia kile chuma cheupe kama ninavyoangalia simu nikisubiri ujumbe. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha ukatokea mstari. Mwembamba, wa kijivu, pembeni kabisa ya mshono, siyo juu yake, pale ambapo moto wa kuchomelea ulikutana na chuma cha zamani. Ukaendelea kukua taratibu kama mtu asiyeonekana anauchora kwa penseli. Ulipofika sentimita tatu ukasimama.

Mzee akauliza, "Nani alichomelea?"

"Fundi."

"Na nani alisema isagwe?"

Nikanyamaza kidogo. "Mimi."

"Basi fundi hajakukosea." Akanyanyuka, akachukua kikombe changu cha chai ambacho sikukigusa, akakimwaga. "Imepoa."

Alinieleza baadaye, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamfundisha mwanafunzi wa karakana. Ukikanyaga breki, mkono wa chini unasukumwa nyuma na wa juu unavutwa mbele. Kila breki. Chuma hakikatiki kwa sababu ya breki moja, kinakatika kwa sababu ya breki elfu. Mshono kama umeingia ndani vizuri, hata ukiusaga hauna shida kubwa. Kama haukuingia vizuri, ile nyama ya juu ndiyo iliyokuwa inashika, na mimi ndiyo niliyoitoa. Nikamuuliza ingekuwaje kama ungekatika njiani. Alinyoosha kiganja wima, kisha akakilaza. Tairi inalala, upande ule wa gari unaanguka chini, na mpira wa breki ukiwa haujakatika mshukuru Mungu. Upande ule. Upande aliokuwa amekaa mdogo wangu na miguu yake kwenye dashibodi.

Usiku sikulala. Nilikuwa nawaza habari za ajali nilizoandika tangu niingie gazetini. Ni nyingi, sikumbuki idadi. Zote zina sentensi moja inayofanana: kamanda alisema chanzo cha ajali ni mwendokasi. Wakati mwingine ni tairi kupasuka, wakati mwingine breki kufeli. Sijawahi, hata mara moja, kupiga simu ya pili kuuliza kwa nini breki zimefeli, au nani aliligusa gari lile kabla. Habari ilikuwa inatosha aya nne na mhariri anasubiri. Ningepinduka pale Mikese, mwenzangu wa dawati angeandika aya nne hizo hizo: kijana, mwandishi, mwendokasi. Na nilikuwa kwenye themanini.

Mniambie kama nimekuwa mzee ghafla, lakini sisemi watu wasishushe magari. Bado napenda gari lililolala. Kuna watu wanaoifanya kazi hii kwa adabu: wanatengeneza mkono mzima upya kwa bomba nene, wameufunga kwenye fremu ili usipinde, wanauchomelea kwa mashine inayofaa na kuukaza kwa viraka, na wanaukagua kabla haujapakwa kitu. Mimi nilichokifanya ni urembo. Nilimlipa fundi afanye kazi ya fundi, kisha nikamlipa tena aifute.

Jumapili Mzee alikodi Canter kwa ajili ya mbao, akalipa ile bei ya ajabu, hakuniruhusu kuchangia hata shilingi. Hilux ikabaki uani juu ya stendi. Mkono wa kulia tuliutoa pia, haukuwa na ufa, ila naye hakuuamini. Akanipa masharti: nitafute Gerezani au Ilala jozi ya mikono ya juu iliyotoka kwenye Hilux iliyokufa, mizima, isiyoguswa na grenda. Vipande vya chuma vitoke nyuma, ubapa wa springi urudi. Mbele tukaelewana (ilichukua chakula cha mchana chote) ibaki chini sentimita mbili, kiasi ambacho vile vibapa vya bati vinaweza kusahihisha. Nilitaka tatu.

Nikarudi Dar kwa treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria wa Dar na Morogoro Juni 2024. Nilibeba mkono wenye ufa kwenye begi la mgongoni, kwa sababu nataka kumwonyesha fundi wangu. Simpelekei kumlaumu, anastahili kuona tu. Pale stesheni begi likapita kwenye mashine ya ukaguzi, mashine ikasimama. Dada wa ulinzi akatazama skrini, akaniita pembeni.

"Kaka, humu kuna nini?"

"Mkono."

Akanitazama mikono yangu yote miwili, kwanza kulia kisha kushoto.

"Wa gari," nikasema.

Akafungua zipu, akautoa, akaugeuza. Chaki ikamwachia weupe kwenye vidole. Akauona ule mstari, akaupitishia kucha. "Mbona umepasuka?" akauliza, na watu wa nyuma yangu kwenye foleni wakawa wananisubiri nijibu.